Je, kikosi kisicho na nyota kinaweza kuzaa nyota?

KWA kijana wa Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya katika eneobunge la Manyatta, Kaunti ya Embu, mpira wa vikapu huanza shuleni na mara nyingi huishia hapo hapo. Timu anayoichezea huwa haina jina kubwa. Ina wachezaji kumi au kumi na wawili wanaokaribiana kwa uwezo, wanaopokezana uwanjani na kugawana vikapu. Swali linalowakabili vijana wa aina hiyo pamoja na walimu wao ni zito: je, timu inayotegemea wengi badala ya mmoja inaweza kumtoa mchezaji atakayehesabiwa miongoni mwa nyota, au usawa wake ndio utakaomficha?

Swali hili limejadiliwa kwa muda mrefu miongoni mwa wapenzi wa mchezo huo duniani. Majibu yake yanapatikana katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, katika safari ya timu ya taifa ya Kenya, Morans, na katika ufanisi wa jirani zetu wa Sudan Kusini. Mifano hiyo yote inaonyesha kwamba kikosi cha namna hiyo huweza kuzaa nyota, lakini kwa masharti.

Hesabu ya dakika

Kikosi kipana ni kile ambacho kocha wake anaweza kumtoa mchezaji wa kwanza na kumwingiza wa nane au wa tisa bila timu kudhoofika. Manufaa yake ni dhahiri. Wachezaji hawachoki mapema, aliyeumia hupata wa kumrithi, na wapinzani hawajui wamkabe nani. Kwa sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu (FIBA), mchezaji anayefikisha makosa matano ya binafsi hutolewa uwanjani, na timu yenye mtu mmoja tu wa kutegemewa huweza kuporomoka kwa sababu ya makosa hayo pekee.

Hasara yake imo katika hesabu. Mechi ya FIBA huchezwa kwa dakika 40, yaani robo nne za dakika kumi kumi. Kwa kuwa kila timu huwa na watu watano uwanjani, kocha ana jumla ya dakika 200 za kugawa. Akiwagawia wachezaji kumi kwa usawa, kila mmoja hupata 20. Mchezaji wa timu nyingine anayetegemewa na wenzake hucheza dakika 35 au zaidi.

Hivyo basi, kijana anayefunga alama kumi katika dakika 20 anaweza kuwa hodari sawasawa na yule anayefunga alama 18 katika dakika 36. Hata hivyo, atakayeandikwa gazetini ni huyo wa alama 18. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mchezo huu, chema kilichogawanywa kwa watu kumi hakijiuzi chenyewe. Hakina budi kutafutiwa mtu wa kukiona.

Nani humtawaza nyota?

Katika NBA, neno nyota lina maana rasmi. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Februari, ligi hiyo huandaa mechi ya Nyota. Kwa miaka mingi wachezaji 24 walichaguliwa, 12 kutoka Mashariki na 12 kutoka Magharibi. Watano wa kuanza katika kila upande walipigiwa kura na mashabiki, na tangu 2017 kura za wachezaji wenyewe na za wanahabari zikaongezwa juu ya zile za mashabiki. Saba wa akiba huchaguliwa na makocha wa timu, ambao hawaruhusiwi kuwapigia kura wachezaji wao wenyewe.

Mgawanyo huo wa kura ndio msingi wa jambo lote. Shabiki humpigia kura mtu anayemjua, na humjua kwa alama alizofunga na kwa picha za televisheni. Kocha humpigia kura mtu aliyemsumbua. Anakumbuka ni nani aliyemfungia njia mchezaji wake bora, ni nani aliyetoa pasi kabla ya ile pasi ya mwisho, na ni nani aliyemlazimu kubadilisha mpango wake wakati wa mapumziko. Kikosi kisicho na majina makubwa hushindwa kwa kura za mashabiki, kikapata haki yake kwa kura za makocha.

Detroit na Atlanta

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Detroit Pistons. Mnamo 2004, chini ya kocha Larry Brown, timu hiyo ilikutana katika fainali na Los Angeles Lakers iliyokuwa na Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton. Wengi waliitabiria Detroit kipigo. Badala yake ilishinda mechi nne kwa moja na kutwaa ubingwa.

Nguzo za kikosi hicho zilikuwa watu ambao timu nyingine ziliwaacha waende. Ben Wallace hakuchaguliwa na timu yoyote wakati wachezaji wapya walipogawanywa mwaka wa 1996. Chauncey Billups alichaguliwa wa tatu mwaka wa 1997, lakini akapitishwa mkono kwa mkono hadi alipotua Detroit mwaka wa 2002. Alipotangazwa mchezaji bora wa fainali za 2004, alikuwa bado hajawahi kuteuliwa kwa mechi ya Nyota hata mara moja.

Miaka miwili baadaye mavuno yakaonekana. Katika msimu wa 2005-06 Detroit ilishinda mechi 64 na kupoteza 18. Wachezaji wake wanne, Billups, Richard Hamilton, Ben Wallace na Rasheed Wallace, waliteuliwa kwa mechi ya Nyota ya 2006. Wote wanne waliingia kwa kura za makocha. Kwa Billups na Hamilton hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Baadaye Ben Wallace aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka wa 2021, naye Billups akafuata mwaka wa 2024.

Atlanta Hawks ilirudia somo hilo mwaka wa 2015. Katika mwezi wa Januari timu hiyo ilicheza mechi 17 na kushinda zote. Ligi ilipotaka kumtunuku mchezaji bora wa mwezi kwa upande wa Mashariki, iliwatunuku wote watano wa kuanza kwa pamoja: Jeff Teague, Kyle Korver, DeMarre Carroll, Paul Millsap na Al Horford. Aliyeongoza kwa ufungaji, Millsap, alikuwa na wastani wa alama 16.7 kwa mechi, kiwango ambacho kwa kawaida hakimfanyi mtu kuitwa nyota. Hata hivyo Horford, Millsap na Teague walichaguliwa na makocha, na Korver akaongezwa kuchukua nafasi ya Dwyane Wade aliyekuwa ameumia. Hakuna hata mmoja wao aliyechaguliwa na mashabiki.

Denver: waliokosa

Si kila kikosi kipana hupata malipo hayo. Katika msimu wa 2012-13, Denver Nuggets ya kocha George Karl ilishinda mechi 57 na kupoteza 25, ikamaliza ya tatu katika upande wa Magharibi. Uwanjani mwake ilishinda 38 na kupoteza tatu pekee. Karl alitangazwa kocha bora wa mwaka. Mfungaji wake mkuu, Ty Lawson, alikuwa na wastani wa alama 16.7, sawasawa na ule wa Millsap miaka miwili baadaye. Lakini Denver haikupata hata mchezaji mmoja katika mechi ya Nyota ya 2013.

Tofauti kubwa ilikuwa wakati. Wachezaji wa akiba wa mechi ya Nyota huteuliwa mwishoni mwa Januari. Atlanta ilifululiza ushindi wa mechi 19 kati ya mwisho wa Desemba na mwisho wa Januari, makocha walipokuwa wakitafakari kura zao. Mfululizo mkubwa wa Denver, wa mechi 15, ulianza mwishoni mwa Februari, mechi ya Nyota ikiwa tayari imechezwa. Ubora ulikuwepo, ila uliiva baada ya soko kufungwa.

Kuna na jambo la pili. Katika mchujo wa ubingwa Denver ilikutana na Golden State Warriors ya kijana Stephen Curry, ikatolewa kwa mechi nne kwa mbili katika raundi ya kwanza. Atlanta nayo, baada ya ushindi wa mechi 60 katika msimu wake, ilinyamazishwa kwa mechi nne bila jibu na Cleveland ya LeBron James katika fainali ya Mashariki. Wanaopinga nadharia ya kikosi kipana hushika hapo: katika mechi za mwisho, wapinzani hukaza ulinzi, akiba hupunguzwa, na timu humhitaji mtu mmoja anayeweza kufunga hata anapokabwa na wawili.

Hoja hiyo ina uzito, ila haifuti ushahidi wa Detroit. Inachofanya ni kuongeza sharti. Timu ya wengi haiwezi kukwepa dakika ya mwisho, na katika dakika hiyo lazima mmoja wa wale wengi akubali kubeba mzigo.

Morans na mtupo wa Yaounde

Kenya imewahi kuishuhudia dakika hiyo. Historia ya Morans katika mashindano ya bara, AfroBasket, ilikuwa na pengo refu. Mnamo 1993 Kenya iliandaa mashindano hayo jijini Nairobi na kumaliza katika nafasi ya nne. Baada ya hapo haikufuzu tena kwa zaidi ya robo ya karne.

Mwamko ulionekana Julai 2019 jijini Bamako, Mali, katika makala ya kwanza ya AfroCan, mashindano yaliyoanzishwa hasa kwa ajili ya wachezaji wa ligi za Afrika. Kenya, ikifunzwa na Cliff Owuor, ilifika fainali na kushindwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Haikuwa na mchezaji hata mmoja wa NBA. Kikosi chake kilitegemea wanavikapu wa ligi ya nyumbani, wakiongozwa na wachache kama Tylor Ongwae, aliyepitia Chuo Kikuu cha Louisiana Monroe nchini Marekani kabla ya kucheza kulipwa Ulaya.

Februari 2021 Morans walikuwa Yaounde, Cameroon, wakitafuta tiketi ya AfroBasket chini ya kocha Liz Mills kutoka Australia. Mbele yao walisimama Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo. Mechi ilikwenda bega kwa bega hadi sekunde za mwisho. Ongwae aliupokea mpira, akarusha, na Kenya ikashinda kwa alama 74 dhidi ya 73. Kwa mtupo huo Kenya ilirudi katika AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Ni rahisi kuisimulia hadithi hiyo kama ya mtu mmoja. Lakini mtupo wa mwisho huwa na maana pale tu ambapo timu imebaki nyuma kwa tofauti inayoweza kufutwa na mtupo mmoja. Aliyeiweka Kenya karibu na Angola kwa karibu dakika 40 hakuwa Ongwae peke yake. Ilikuwa kazi ya wenzake, akina Eric Mutoro na Ariel Okall, pamoja na wale waliotoka benchi kukaba na kunyaka mipira chini ya vikapu. Wengi walimpa mmoja nafasi ya kuwa nyota, naye hakuipoteza.

Katika AfroBasket ya Kigali mwaka huo, Mills akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo. Morans walishinda Mali, kisha wakatolewa kwa tofauti ndogo na majirani waliokuwa wakishiriki kwa mara ya kwanza, Sudan Kusini.

Funzo kutoka Sudan Kusini

Sudan Kusini ndiyo mfano bora zaidi wa jambo hili katika ukanda wa Afrika Mashariki. Taifa hilo lilipata uhuru mwaka wa 2011. Shirikisho lake la mpira wa vikapu likaja kuongozwa na Luol Deng, aliyewahi kuteuliwa mara mbili kwa mechi ya Nyota ya NBA. Timu yake ilikusanywa kutoka kwa vijana waliotawanywa na vita na kulelewa Kenya, Uganda, Australia, Marekani na kwingineko.

Katika Kombe la Dunia la 2023 kikosi hicho, chini ya kocha Royal Ivey, kilizishinda China, Ufilipino na Angola, na kikafuzu kwa Olimpiki ya Paris kama timu bora ya Afrika. Julai 20, 2024, jijini London, kilikaribia kuiangusha Marekani katika mechi ya kirafiki, kikashindwa kwa alama 101 dhidi ya 100. Siku nane baadaye kikaishinda Puerto Rico 90-79 katika mechi yake ya kwanza ya Olimpiki.

Timu hiyo haikuwa na nyota wa kulinganishwa na wale wa Marekani, lakini ilizaa majina. Carlik Jones, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote ya NBA alipotoka chuoni, alifikisha tarakimu mbili katika alama, mipira iliyonyakwa na pasi za kuzaa vikapu katika mechi ile ya London. Khaman Maluach, aliyelelewa Uganda kama mkimbizi, aliitwa katika kikosi cha Kombe la Dunia akiwa na umri wa miaka 16 na kwenda Paris akiwa na miaka 17. Mnamo Juni 2025 alichaguliwa wa kumi katika mgao wa wachezaji wapya wa NBA.

Maluach asingeonekana na dunia akiwa na umri huo lau timu yake ingekwama katika mechi za mchujo. Ushindi wa wakubwa wake ndio uliompeleka katika majukwaa hayo.

Ngazi za shule

Hapo ndipo hadithi inaporudi Embu. Katika michezo ya shule za upili nchini Kenya, timu hupanda ngazi kwa ngazi: kutoka kanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, eneo, taifa, na hatimaye mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Embu imo katika eneo la Mashariki, ambamo hukutana na kaunti kama Meru, Tharaka Nithi, Kitui na Machakos.

Katika riadha, mwanafunzi mmoja mwenye mbio anaweza kusonga mbele hata kama wenzake wote wa shule wameshindwa. Katika michezo ya mpira anayesonga ni timu. Mchezaji hodari wa shule iliyotolewa katika kaunti ndogo hurudi darasani, na maskauti wanaosubiri katika mashindano ya kitaifa hawamwoni kamwe. Mchezaji wa wastani zaidi katika timu iliyoshinda huendelea kucheza mbele yao.

Kwa sababu hiyo, shule ya mashambani inayomtegemea kijana mmoja mrefu hucheza kamari. Akiugua, akifikisha makosa matano, au akivutwa na shule kubwa yenye jina katika mchezo huo, msimu umekwisha. Shule yenye kumi wanaokaribiana humudu hasara hizo na kupanda ngazi nyingine moja au mbili. Kila ngazi huongeza macho yanayotazama.

Wakulima wa Kibugu wanaoishi kwa kahawa wanaijua hali hii kwa namna yao. Matunda ya mashamba madogo madogo hupelekwa katika kiwanda cha ushirika na kusindikwa pamoja. Baadaye, punje zinapokobolewa na kupangwa, ndipo madaraja ya AA, AB na PB hutengana. Hakuna mkulima mdogo ambaye kahawa yake ingefika mnadani kwa wingi wa kutosha ikiwa peke yake.

Masharti

Mifano hii ikiwekwa pamoja, masharti manne hujitokeza.

La kwanza ni ushindi. Timu ya usawa inayoshindwa haimtoi mtu, kwa kuwa hakuna takwimu binafsi za kuwatetea wachezaji wake. Detroit na Atlanta zililipwa kwa sababu hesabu ya ushindi wao haikuweza kupuuzwa.

La pili ni wakati. Timu haina budi kuwa katika ubora wake wakati wateuzi wanapotazama. Kwa shule, hilo humaanisha maandalizi yaanze mapema kabla ya muhula wa mashindano, si wiki mbili kabla ya mechi za kanda.

La tatu ni kumbukumbu. Mwalimu anayeandika dakika za kila mchezaji, alama zake, mipira aliyonyaka na pasi alizotoa ana silaha mkononi. Mteuzi wa kaunti au wa chuo akiuliza, anaweza kuonyeshwa kwamba kijana wa alama kumi alizipata kwa dakika 20. Daftari na kalamu vinatosha kwa kazi hiyo, na ndivyo vinavyoweza kumwokoa kijana ambaye usawa wa timu umemficha.

La nne ni ujasiri wa dakika ya mwisho. Kugawana vikapu kusiwe kisingizio cha kila mtu kumsukumia mwenzake mpira wakati saa inapokwisha. Kocha mwenye busara huwafunza wachezaji wawili au watatu kurusha chini ya shinikizo, na huwapa nafasi hiyo mazoezini mara kwa mara, ili siku ya siku ikifika asitafutwe shujaa kwa kubahatisha.

Njia ya kufika juu imeongezeka kwa vijana wa Kenya. Mwishoni mwa 2024, Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya nchi hii kufuzu kwa Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Afrika (BAL), na ikashiriki msimu wa 2025. Kwa kijana wa Kibugu, ngazi ya kwanza kuelekea huko ingali ni ile ile ya mechi za kanda, na ataivuka akiwa na wenzake kumi na mmoja au atabaki chini yake pamoja nao.